Ujumbe: 0

Kijana wa mtaani kwetu alipanda jukwaa la mashindano na udi wake, akapiga taksimu ya dakika sita hivi, asiimbe hata neno moja. Bibi aliyekaa pembeni yangu alifuta macho kwa pindo la khanga. Matokeo yalipobandikwa, fomu ya kijana ilisomeka: "Ujumbe: 0." Nikamfuata jaji mmoja. "Ndugu yangu," akanijibu, "kama ujumbe ulikuwepo, hebu niambie ulisema nini."

Maana ni nini, sitaeleza. Kila aliyewahi kuelewa jambo anaijua. Kinachonikera ni hilo "hebu niambie". Linajifanya swali kumbe ni mtego: muziki uthibitishe maana yake kwa kuacha kuwa muziki. Mbona hatumtaki mtu atupigie kwa udi maana ya "stakabadhi", na akishindwa tuseme neno hilo ni tupu?

Na hata maneno yenyewe yangefeli mtihani huo. Chukua "haya". Mama yangu alikuwa na "haya" ya kuniruhusu nikacheze, na "haya" nyingine iliyoshuka taratibu mwishoni, ambayo ukiisikia unarudi ndani mwenyewe, unavua viatu, unatafuta daftari. Kwenye karatasi zote ni herufi nne zilezile. Barabara: weka mkazo kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari, urudishe kwenye ya pili, ni sawasawa kabisa. "Umekula": sauti ikishuka ni taarifa, ikipanda ni swali. Ningeweza kukaa hapa hadi alfajiri. Kutwa tunaelewana kwa vijiwimbo, kisha tunakana kwamba wimbo husema.

Ubongo haukani. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard waliwasomesha watu sentensi zilizoharibika mwishoni, mfano wa mkate uliopakwa soksi. Takriban milisekunde 400 baada ya neno hilo, vipimo vilionyesha wimbi dogo la umeme. Mwaka 2004, huko Leipzig, Stefan Koelsch na wenzake wakatanguliza vipande vya muziki, si sentensi tu, kabla ya neno. Neno lisipoafikiana na muziki uliolitangulia, wimbi la aina hiyohiyo likakua. Kwamba lilipimwa kwenye neno, si kwenye muziki wenyewe, nakubali. Kwamba masikio yetu ya Unguja na yale ya Leipzig hayakulelewa pamoja, nakubali pia.

Lakini namfikiria mtunzi Mrusi Vissarion Shebalin. Kiharusi kilimpiga mara ya pili mwaka 1959, akawa anahangaika kusema na hata kuelewa anachoambiwa. Bado alitunga, simfonia yake ya tano ikiwemo. Angeambiwa "hebu niambie", angetaabika. Fomu yake nayo tungeiandika sifuri?

Yote haya nilimmwagia jaji, mkono nimeegemeza kwenye pikipiki yake asiondoke. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa helmeti, akasema: "Haya."

Mpaka leo sijajua ni ipi.