Kelele iliyopanda pamoja na mtoto



Katika mafundisho ya Jumatano moja kijana alisimama akauliza swali lililofanya watu wengi waseme kwa mara moja. Aliuliza hivi: kama mkristo anaona kwamba mabaya yanafuatana na mtu fulani, akiingia yanaingia, akitoka yanatoka, je, ana ruhusa ya kusema kwamba mtu huyo ndiye anayeyaleta? Wengi walijibu ndiyo, maana macho hayadanganyi. Mimi shemasi nilinyamaza. Sikunyamaza kwa hekima, nilinyamaza kwa haya, kwa sababu swali lile lilikwisha kupita katika nyumba yangu. Leo ninalijibu kwa maandishi, na jibu langu linaanzia kwenye pikipiki.

Mdogo wangu alipofariki aliacha binti wa miaka 13, nikamchukua. Nyumbani kwetu, pale Ruashi, tulikuwa tayari watu 7. Mama wa nyumba yangu anaogopa pikipiki, na mimi sifanyi kazi ya taxi, kwa hiyo sikuwa na desturi ya kupakia mtu. Lakini masomo ya yule binti yalikuwa kwenye njia yangu ya kazi, nikaanza kumpeleka kila asubuhi.

Siku ya tatu ao ya nne pikipiki ikaanza kulia. Krr, ikanyamaza, krr, ikanyamaza, kama mtu anayesaga meno usingizini. Nilipomshusha mtoto kwenye masomo, nikaenda mbele peke yangu: kimya. Jioni kimya. Kesho asubuhi mtoto anapanda: krr. Nikaenda garaji. Fundi akapanda, akazunguka mtaa mzima, akarudi akasema hakusikia kitu. Nikamwambia abadilishe rulema za gurudumu la nyuma, akabadilisha, nikalipa. Kesho yake, krr. Tukabadilisha mafuta ya mashini, nikalipa tena. Krr.

Dada mkubwa wa mama wa nyumba yangu alikuja kututembelea, akasikia habari ile, akasema neno moja tu: "Kelele hii inapanda pamoja na mtoto na kushuka pamoja naye." Wapendwa, neno lile liliingia nyumbani na kukaa kitini. Kuanzia pale tukaanza kuhesabu. Homa ya mtoto wetu wa mwisho ilikuja lini? Baada ya yeye kufika. Mshahara wangu ulianza kuchelewa lini? Baada ya yeye kufika. Ugomvi wangu na mama juu ya unga ulianza lini? Baada ya yeye kufika. Hakuna aliyetamka neno mlozi, lakini sahani yake ilitengwa, na watoto wengine waliambiwa wasilale naye kwenye mkeka mmoja. Mimi niliacha kumpakia. Kwa majuma 4 alikwenda masomo kwa mguu, akiondoka giza likingalipo. Na katika majuma yale 4 pikipiki haikulia hata mara moja. Kimya kile kikawa ushahidi wetu.

Nitaje pia jambo ambalo linaniumiza zaidi. Mwanzoni kabisa, kabla ya hesabu zetu, mtoto aliniambia: "Papa mkubwa, kelele iko huku, naisikia inatetemeka kwenye mguu wangu wa kushoto." Sikushuka kuangalia. Na baadaye, tulipokuwa tumekwisha kumhukumu moyoni, nilikumbuka maneno yale nikayageuza: ikiwa anajua mahali kelele iko, si ni kwa sababu yeye ndiye mwenye kelele? Ushuhuda wake nikaufanya ungamo.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa kanisa kumwomba apange siku za kufunga na sala juu ya mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Umepakia mtu mwingine ukasikia kama inalia?" Nikasema hapana. "Umepakia hata mzigo?" Hapana. Akasema: "Basi, shemasi, hujaniletea neno juu ya mtoto, umeniletea woga wako. Kabla ya kumleta mtoto kwenye sala, peleka pikipiki kwa fundi. Tena chukua mfuko wa mchanga wenye uzito wa mtoto."

Nilikwenda kwa fundi mwingine, baba mwenye umri, anayefanya kazi chini ya mwembe. Tulijaza mchanga katika mfuko, karibu kilo 40, tukaufunga mahali anapokaa mtoto. Sikwenda hata mita 100. Krr. Nilisimama katikati ya njia, miguu ikinilegea. Maana mchanga hauna roho, haukufiwa na baba, haukuja kula unga wa mtu.

Sasa mnisamehe nieleze namna yule fundi alivyoitafuta kelele, maana ndani yake kuna fundisho. Kwanza alinituma kwenye mteremko, nikamate ambriyaji na kuacha mashini ipumzike huku pikipiki ikienda yenyewe. Kelele ikabaki. Akasema: basi si mashini, tuache mashini. Pili alichukua chaki akapiga alama moja juu ya pine, na alama nyingine juu ya pete moja ya mnyororo, ule tunaouita sheni. Mchanga ukiwa bado umefungwa, tukasukuma pikipiki polepole kwa mikono. Gurudumu likazunguka mara 1, mara 2, mara 3, krr. Tena mara 3, krr. Kama ingekuwa rulema ya gurudumu, ao pine, ingelia katika kila mzunguko wa gurudumu. Lakini mnyororo wangu una pete 120, na gurudumu la meno la nyuma lina meno 40, kwa hiyo mnyororo unamaliza mzunguko wake mmoja wakati gurudumu limezunguka mara 3. Ilipolia, tuliiona ile pete ya chaki mahali palepale. Mnyororo uko upande wa kushoto. Upande wa mguu wa kushoto wa mtoto.

Fundi akagusa mnyororo kwa kidole akaniuliza: "Nani aliukaza hivi?" Wapendwa, ni mimi. Juma lilelile mtoto alipofika, mnyororo ulikuwa umelegea na kupigapiga, nami sikutaka kulipa garaji. Nikachukua funguo zangu, nikakaza mpaka ukawa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, nikafurahia kazi yangu. Fundi akanieleza kwamba mnyororo wa pikipiki ndogo kama yangu unatakiwa kuchezacheza katikati karibu sentimeta 2 hadi 3. Sababu yake ni hii: mtu akipanda nyuma, springi zinabonyea, na gurudumu la nyuma linasogea mbali kidogo na lile gurudumu dogo la meno la mbele. Mnyororo wenye nafasi unavumilia. Usio na nafasi unavutwa mpaka unalia, hasa pale ulipochakaa kuliko mahali pengine. Nikiwa peke yangu uzito haukutosha kuuvuta. Alipopanda mtoto, ulitosha. Alilegeza ekru, akarudisha gurudumu mbele kidogo, akaniambia ninunue mnyororo mpya pamoja na magurudumu yake ya meno kabla huu haujakatika. Kazi haikuchukua hata nusu saa.

Sasa nirudi kwenye swali la kijana.

Yeye aliuliza kama macho yanadanganya. Macho yangu hayakudanganya. Ilikuwa kweli kwamba mtoto akipanda kelele inakuja, na akishuka inakwenda. Kilichodanganya ni mdomo uliosema "kwa hiyo." Kufuatana si kuzaana. Jogoo anawika na jua linatoka, lakini mkichinja jogoo, kesho kutapambazuka vilevile. Mtu anayeona mambo mawili yanatembea pamoja ameona nusu tu. Bado hajauliza kama kuna jambo la tatu lililofichika linaloyaunganisha, na mara nyingi jambo lile la tatu liko mikononi mwake yeye mwenyewe anayeuliza.

Lakini mtu anaweza kunishika hapa: Shemasi, bila uzito wa mtoto kelele isingetokea, kwa hiyo mtoto ana sehemu yake. Nimefikiri sana juu ya neno hili. Ninajibu kwamba anayefanya kosa lionekane si yule aliyefanya kosa. Uzito wa mtoto ulionyesha kasoro, haukuizaa. Na tazameni nyumba zetu. Yatima anafika, unga unapungua, baba na mama wanaanza kugombana. Tunasema: ugomvi umekuja na mtoto. Hapana. Nyumba ilikuwa imekazwa tangu zamani, mshahara haukutosha, mke na mume hawakuwa na nafasi ya kuvumiliana hata sentimeta 2. Uzito mdogo tu uliongezeka, na nyumba ikalia. Ikiwa mtamfukuza mtoto, kimya kitarudi, ni kweli. Ni kimya kama kile cha pikipiki yangu katika majuma yale 4: mnyororo bado umekazwa, na siku moja utakatika njiani.

Wengine watasema: Shemasi amesoma kidogo shuleni, sasa anakana kwamba ulozi upo. Sikukana. Ubaya upo, nami ninasali kila siku juu yake. Swali langu ni dogo kuliko lile: ni nani aliyekupa ruhusa ya kumtaja mtoto? Torati ya Musa ilidai mashahidi wawili ao watatu kabla ya mtu kuhukumiwa, na hatukumtafuta hata mmoja. Tena angalieni namna shitaka hili lilivyo. Mtoto akikana, tunasema ni mkaidi. Akilia, tunasema dhamiri inamchoma. Akinyamaza, tunasema anaficha. Akisema anachokijua, tunasema ameungama. Shitaka ambalo kila jibu linalithibitisha, hilo si ujuzi, ni mtego. Kelele ya pikipiki iliweza kupimwa, na ilipopimwa mtoto akawa huru. Ni watoto wangapi waliotolewa nje kwa jambo ambalo hakuna aliyelipima? Wako, tunawaona wakilala sokoni.

Na sheria ya inchi yetu imekwisha kusema. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inampa mwenye kumshitaki mtoto hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, pamoja na faini ya franka za Kongo 200.000 hadi 1.000.000. Siandiki haya ili mwogope gereza. Ninayaandika kwa sababu ni aibu kwetu ikiwa sheria ya wanadamu inamlinda yatima kuliko sisi tunaovaa mavazi meupe.

Linabaki jambo moja, ambalo ni gumu kwa sisi wababa. Je, mtu mzima anaweza kumwomba mtoto msamaha? Kwetu si desturi. Watu wanasema mtoto atakudharau. Mimi niliogopa dharau ile kwa siku 2. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba sahani yake ilitengwa mbele ya watu wote wa nyumba, kwa hiyo kosa halikuwa la siri, na msamaha pia haukuweza kuwa wa siri. Nilimwita dada mkubwa wa mama, nikaita mama wa nyumba yangu na watoto wote. Nikawaonyesha alama ya chaki kwenye mnyororo. Nikasema: "Kelele ilikuwa yangu. Binti yangu alinionyesha mahali ilipo, nami nikakataa kusikia. Ninamwomba anisamehe." Dada mkubwa wa mama aliinamisha kichwa, hakusema neno. Mtoto naye hakusema neno siku ile. Jioni alikula pamoja na wengine katika sahani moja, lakini alikula polepole, kama mgeni. Asubuhi nilipowasha pikipiki, alisimama mbali akaangalia kwanza kama kweli ninamwita. Hata leo, mtu akisema kwa sauti kubwa nyumbani, anainua macho haraka kutazama kama ni yeye. Mnyororo ulilegezwa kwa nusu saa. Jambo hili lingine linachukua miaka, na deni lake ni langu.

Basi, kijana uliyeuliza, jibu langu ni hapana. Ukiona mabaya yanafuatana na mtu, una ruhusa ya kutafuta, huna ruhusa ya kutaja. Tafuta kama yule fundi: pima kitu kimoja kwa mara moja, acha kile ambacho si chenyewe, weka alama, hesabu, na umsikilize aliye karibu na kelele kuliko wewe, hata kama ni mtoto, zaidi sana kama ndiye mnayemnung'unikia. Tena anza na kile ulichokigusa kwa mikono yako mwenyewe.

Na ikiwa katika nyumba yako kuna mtoto anayekula peke yake leo hii, usingoje Jumapili. Mungu awabariki na kuwalinda.

Ni mimi shemasi wenu.