Haki ya Mwili na Nia ya Mwanariadha

Mwanariadha Mwislamu anapolegea mwezi wa Ramadhani, swali la iwapo amepungukiwa na azma au na kitu kingine haliwezi kuachiwa mwanazuoni peke yake wala daktari peke yake, kwa kuwa linagusa pale ambapo nia ya mtu hukutana na damu yake.

Takriban theluthi mbili ya madini ya chuma mwilini imo katika himoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli. Mkimbiaji wa masafa marefu huyapoteza madini hayo kwa jasho na kwa chembe zinazopasuka nyayo zinapogonga ardhi, na mwanamke huyapoteza pia kwa hedhi. Isitoshe, saa chache baada ya mazoezi makali ini huongeza hepsidini, homoni inayouzuia utumbo kufyonza chuma. Ndiyo maana hata sahani ya futari ina uzito katika mjadala huu: mbaazi za nazi zina chuma, lakini chai ya rangi ikinywewa papo hapo, tanini zake hukishika chuma hicho kisifyonzwe, ilhali chungwa au embe, kwa vitamini C yake, hukisaidia kuingia.

Usingizi unazua jambo zito zaidi. Baina ya tarawehe, mazungumzo ya barazani na daku, usiku hukatwa vipande, na imeonekana kwamba aliyekosa usingizi, hata pale mapigo ya moyo na nguvu za misuli zisipobadilika sana, huiona kazi ileile kuwa nzito kuliko jana na huiacha mapema. Hapo hoja ya wanaodhani kuwa nia hukaa juu ya mwili na kuuamrisha inayumba, maana hiyo nia yenyewe imepungua pamoja na usingizi.

Fikihi haikulisahau hilo. Taklifu, yaani wajibu anaobebeshwa mja, haivuki uwezo wake, na Mtume (s.a.w.) alimzuia Abdallah bin Amr bin al-As, aliyetaka kufunga kila siku na kusali usiku kucha, akimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Hata hivyo, wanazuoni wengi hawayahesabu mashindano yenyewe kuwa udhuru: Olimpiki ya London ya 2012 ilipoangukia Ramadhani, aliyetoka mbali alikuwa na ruhusa ya msafiri ya kula na kulipa baadaye, ruhusa ambayo mkazi wa London hakuwa nayo. Kwa anayefunga nyumbani, basi, haki ya mwili hutekelezwa kwa kupima feritini, ambayo ni akiba ya chuma, kabla ya mwezi kuandama, na kwa kulala kailula, usingizi wa mchana ambao ni sunna. Na mwalimu wa timu anayeijaza saa hiyo mazoezi, kisha akamwita mchezaji mvivu, anamdhulumu.