Penye Udhia Penyeza Rupia

Wahenga wetu walituachia methali isemayo, "Penye udhia penyeza rupia." Nimeisikia tangu utotoni, na sikumbuki kumsikia mtu akiipinga. Rupia yenyewe iliondoka zamani, shilingi ikashika nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini kupenyeza kumebaki. Nataka kujiuliza hapa kama methali hiyo ni busara au ni maradhi tuliyoyazoea. Nitaanza na kisa ambacho mkosaji ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2014 nilimpokea mgeni kutoka Denmark, mwalimu mwenzangu ambaye tulikuwa tumeandikiana barua kwa miaka mingi. Niliazima gari la shemeji yangu, tukaondoka Dar es Salaam alfajiri kuelekea Moshi. Mgeni alikuwa amejiandaa. Kwao alishauriwa asitembee usiku, asitoe fedha hadharani, na asizunguke na pasipoti yake. Kwa hiyo aliiacha kabatini nyumbani kwangu, akachukua nakala.

Njiani, mahali ambapo sitapataja, trafiki alitusimamisha. Alisalimia vizuri, akaangalia leseni yangu, kadi ya gari, bima, matairi na kizimamoto. Hakuona kosa. Ndipo alipomtazama mgeni. Watu husema mgeni ni kuku mweupe, na mgeni wangu alikuwa mweupe kwelikweli. Askari akaomba pasipoti, akapewa nakala, akatikisa kichwa.

"Hii siyo hati ya kusafiria, mzee. Itabidi huyu ashuke twende naye kituoni, akae pale mpaka pasipoti iletwe."

Aliyasema hayo kwa upole, huku akinitazama mimi, si mgeni. Nilielewa. Nikashuka, nikazunguka nyuma ya gari, nikatia noti mbili za elfu kumi ndani ya kadi ya gari iliyokunjwa, nikampa kana kwamba naomba aikague tena. Aliikagua, akanirudishia ikiwa tupu, akatutakia safari njema.

Tulikwenda kilomita kadhaa bila kusema neno. Kisha mgeni akauliza, "Mbona hakukupa risiti?"

Nikacheka kidogo, nikamjibu, "Ndiyo hali ya huku kwetu."

Jibu lile limeniuma kuliko zile shilingi elfu ishirini. Kosa lilikuwa la watu wawili waliosimama nyuma ya gari, nami nikalitandaza juu ya nchi nzima ili sehemu yangu isionekane. Sisi tuliosoma enzi za Mwalimu Nyerere tulizijua ahadi za mwanachama wa TANU, na mojawapo ilikataa kupokea rushwa na kuitoa kwa pamoja. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 nayo inamtia hatiani anayetoa kama inavyomtia hatiani anayepokea. Sikuwa na kisingizio cha kutojua.

Utetezi wangu ulikuwa huu: mgeni ni amana, nami nilimkomboa. Tuupime utetezi huo, ndugu msomaji, kwa sababu ndani yake mna ukweli fulani. Mama anayezuiwa njiani akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni, au msafiri aliye peke yake usiku mbele ya watu wenye bunduki, akitoa alichonacho ili apite, mimi siwezi kumwita mtoa rushwa. Huyo ameporwa, hata kama mporaji amevaa sare. Yuko mwingine anayelipa ili apate kilicho haki yake, kwa kuwa hataki kungoja. Na yuko wa tatu, anayelipa ili kosa lake lifumbiwe macho.

Kwa muda mrefu nilijihesabu katika kundi la kwanza, lakini mahali pangu palikuwa katika la pili. Ilikuwa saa nne asubuhi. Tulikuwa na maji na mkate ndani ya gari. Hakuna aliyetutisha kwa silaha. Ningeweza kusema, "Haya afande, twende kituoni," nikampigia mke wangu simu aitume pasipoti kwa basi, tukakaa kwenye benchi mpaka jioni. Mgeni naye angeweza kuomba ubalozi wao ujulishwe, kwani Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa haki hiyo mgeni anayezuiliwa ugenini. Tungepoteza siku moja, basi. Methali yenyewe inasema "udhia"; haikusema "hatari". Nilichokikimbia mimi kilikuwa udhia, nami nikakipa jina la hatari.

Miezi michache baadaye nilikuwa nimekaa barazani na kijana wa jirani yetu, ambaye huendesha Canter ya machungwa kutoka Muheza kuja Dar es Salaam. Nilimsimulia mkasa wangu kama kichekesho. Hakucheka.

"Kumbe ni nyinyi, mzee," akasema. "Sisi pale tulikuwa tunaacha elfu mbili. Ukitoa hiyo siku hizi unaulizwa kama umewadharau. Wenye magari madogo mmewazoesha vibaya."

Sidai kwamba noti zangu mbili peke yake ndizo zilizopandisha bei. Lakini bei ya namna hiyo haipangwi na mtu mmoja. Hujengwa na kila anayelipa na kwenda zake. Udhia nilioukwepa haukufa pale barabarani. Ulibaki ukimngoja anayekuja nyuma yangu, na aliyekuja nyuma yangu alikuwa na mzigo unaooza juani. Dereva wa machungwa hana ubalozi wa kumtetea, wala hana mwenyeji wa kushuka na kuzunguka nyuma ya gari kwa niaba yake. Wema wangu kwa mgeni ulilipwa na jirani.

Kuna jambo baya zaidi. Mkono ukishajifunza, hauombi tena ruhusa. Mwaka 2017 nilikuwa peke yangu safarini kwenda Dodoma, tochi ikanikamata. Kabla sijafikiri lolote nilikuwa nimeshatia noti ndani ya kadi. Mara hii nilikuwa na kosa, na hivyo nilikuwa nimeteremka mpaka kundi la tatu bila hata kuhisi ngazi. Askari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo mzee," akasema. Akaifungua kadi, kisha akanirudishia ile noti kwa mikono miwili. "Mzee wangu, umesahau hela yako humu. Ulikuwa mwendo wa sabini na moja, na hapa ni hamsini. Pale mbele pana shule."

Akaniandikia faini ya shilingi elfu thelathini. Sijawahi kuaibishwa kwa adabu namna ile.

Tume ya Jaji Warioba, iliyotoa taarifa yake mwaka 1996, iliwatenganisha wanaopokea rushwa kwa sababu mshahara hauwatoshi na wanaopokea kwa tamaa. Ni tofauti ya haki, nami simsahau askari anayesimama juani kutwa nzima kwa mshahara mdogo. Lakini sidhani kama mshahara wa binti yule ulikuwa mkubwa kuliko wa yule wa kwanza. Dhiki inaeleza mengi, ila haielezi yote. Na kama "hali ya huku kwetu" ni yule askari aliyechukua, basi ni huyu aliyerudisha pia.

Wanaotaka kujua jinsi ya kusafiri salama katika nchi kama zetu huwaambia haya: beba hati zako, salimia kwanza, taja faini na uombe risiti, na uweke nafasi katika ratiba yako ya kupoteza siku moja. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linaloyawezesha hayo mengine. Asiye na muda wa kungoja ameshanunuliwa kabla hajasimamishwa.

Nilimwandikia mgeni wangu barua, nikamweleza habari za binti yule, na nikakiri kwamba jibu nililompa siku ile halikuwa kweli. Nilitia ndani nakala ya ile risiti ya faini. Alikuwa ameniuliza risiti, nami nilikuwa nimechelewa miaka mitatu kumjibu.