Jina la Saa na Kazi ya Saa

Mapenzi ya kukusanya vitu ni ya kale. Mmoja hukusanya stempu, wa pili sarafu, wa tatu vitabu. Wako pia wanaokusanya saa za mkono za zamani. Na miongoni mwa hao wako wachache wasiozitaka saa za majina makubwa, bali zile ambazo majina yake yamesahauliwa karibu na kila mtu. Wengine huwacheka. Huuliza: ikiwa dunia imelisahau jina, je, haikuwa na sababu? Swali hilo si dogo, maana ndani yake limo jingine lililo kubwa kuliko saa. Heshima ya kitu hutoka wapi, katika jina lake au katika kazi iliyokifanya?

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama neno hili ni kweli pasipo kasoro, basi saa iliyosahauliwa imekwisha hukumiwa, na mwenye kuiokota huokota kibaya. Walakini historia ya saa haiikubali hukumu hiyo upesi.

Saa nyingi za namna hii zilitoka Uswisi, katika miji ya milima ya Jura na iliyo chini yake, kama La Chaux-de-Fonds, Saint-Imier na Grenchen. Huko saa haikuwa kazi ya mtu mmoja. Karl Marx, katika kitabu chake juu ya mtaji kilichotolewa mwaka 1867, aliwaorodhesha mafundi wengi waliogawana kazi ya saa moja: wa kamani, wa uso, wa akrabu, wa vito, wa kasha, na wengineo. Baadaye viwanda viliichukua kazi ile, lakini mgawanyo ulibaki. Kiwanda cha A. Schild, kilichoanzishwa Grenchen mwaka 1896, kilitengeneza mitambo ya saa kwa mamilioni na kuiuza kwa nyumba nyingine. Kila nyumba iliutia mtambo katika kasha lake, ikaufunika kwa uso wake, ikaandika jina lake. Kwa hiyo mtu akifungua kifuniko cha nyuma cha saa isiyojulikana, aghalabu hukuta mtambo ule ule uliomo katika saa nyingine yenye jina kubwa zaidi na bei ya juu zaidi. Gurudumu lake la mizani hupiga mapigo 18,000 kwa saa, yaani 432,000 usiku na mchana, wala halijui limeandikiwa jina gani juu yake.

Basi majina hayo yalikufaje? Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkono iitwayo Astron, iliyoendeshwa kwa betri na kuongozwa na mtetemo wa jiwe la kwatsi. Siku ile ilikuwa ghali mno, lakini katika miaka iliyofuata saa za jinsi hiyo zilishuka bei, nazo zilishinda kwa usahihi saa za kutiwa ufunguo. Mwaka 1970 kazi ya saa katika Uswisi iliajiri watu wapatao 90,000. Kabla ya miaka ishirini kupita waliobaki walikuwa kiasi cha theluthi moja. Nyumba ya Excelsior Park ya Saint-Imier, iliyoanzishwa mwaka 1866, ilikuwa ikitengeneza yenyewe mitambo ya saa za kupimia muda wa mashindano, na nyumba nyingine zikiinunua. Nayo ilifunga milango katika miaka ya 1980. Chema hiki hakikuangushwa na ubaya wake. Kiliangushwa na bei na mageuzi ya nyakati. Methali ya wahenga ni onyo jema kwa muuzaji, lakini si hakimu wa waliokufa.

Hata hivyo, huruma isigeuzwe kuwa kipimo. Kusahauliwa si dhambi, lakini si sifa vilevile. Zilikuwako saa zilizostahili kusahauliwa. Baadhi ya watengenezaji walijaza vito visivyo na kazi yoyote ndani ya mtambo, ili uso wa saa ujigambe kwa hesabu kubwa. Ndipo mwaka 1974 shirika la kimataifa la viwango likatoa kanuni kwamba vihesabiwe vito vyenye kazi tu. Saa ya jinsi hiyo ilisema uongo tangu siku ya kuzaliwa. Kinyume chake, Georges Frédéric Roskopf alitoa mwaka 1867 saa ya mfukoni ya faranga 20 kwa ajili ya wafanyakazi. Aliondoa mapambo, akapunguza sehemu, wala hakuficha kuwa ni saa ya bei nafuu. Urahisi wa bei si aibu. Aibu ni kudai usichokuwa nacho.

Hapa ndipo mkusanyaji hukutana na jaribu lake. Ikiwa mtambo ni ule ule, kuna ubaya gani kulifuta jina duni katika uso wa saa na kuandika jina tukufu mahali pake? Wako wafanyao hivyo, nao hupata faida. Mtu aliyekwisha kukiri kuwa kazi ndiyo thamani, na jina ni wino tu, aweza kudhani kuwa hana la kujibu. Lakini liko jibu. Jina haliipi kazi thamani. Jina ni shahidi wa kazi. Husema ni nani aliyekubali kuulizwa saa itakapokosea. Anayelifuta hamwibii mnunuzi fedha tu, bali humnyima marehemu ushahidi wake wa mwisho, na kumpa sifa yake mtu asiyeitolea jasho. Kwa sababu hiyo hiyo jina lililofufuliwa lataka uangalifu. Jina la Nivada Grenchen, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1926, lilirudi sokoni mwaka 2020 juu ya saa mpya. Si hatia, maadamu mnunuzi anaambiwa ukweli. Lakini ajue kwamba jina laweza kununuliwa, na mikono ya kwanza haiwezi.

Tena wako ambao hata jina hawakuwa nalo. Upande wa ndani wa kifuniko cha saa ya zamani mara nyingi huonekana mikwaruzo midogo: tarehe, tarakimu, herufi mbili tatu. Ni alama za mafundi walioitengeneza saa hiyo ilipoharibika, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijiwekea kumbukumbu ya kazi yake. Hakuna tangazo lililowataja. Kama si wao, jina lililo mbele lisingekuwa na akrabu zinazokwenda.

Liko deni moja la mwisho, nalo ni la mkusanyaji mwenyewe. Saa isiyotiwa ufunguo husimama, na mafuta ndani yake hukauka hata kama haitumiki. Mwenye saa mia mbili katika droo, asizozifungua wala kuzipeleka kwa fundi, hakuziokoa; amezitoa katika sahau ya dunia akazitia katika sahau yake. Afadhali mwenye tano anazozijua mitambo yake, anayezitia ufunguo kwa zamu, na awezaye kumwambia mwanawe zilitoka mji gani na zilipitia mikono ya namna gani. Huyo akiulizwa kwa nini anavaa saa isiyojulikana, aweza kujibu bila haya kwamba yeye anaijua.