Bolti Nzuri kwa Kazi Nyingine

Kijana mmoja wa Gorong'a, huko Mara, alibeba mizigo ya wageni wapanda miamba mpaka na yeye akajua kufunga kamba, kuvaa mkanda na kusoma nyufa za jiwe. (Kijana nimemtunga. Kutu itakayomkuta baadaye sikuitunga.) Akaona kilima cha granaiti karibu na kwao kinamtosha: akitoboa njia nne za kupandia, akaziwekea bolti, wageni wanaopita kwenda Serengeti watasimama, watalipa, na watalala kijijini.

Wazo lilikuwa zuri. Tatizo lilikuwa hesabu. Bolti za kupandia miamba hazikai rafuni Tarime mjini. Huagizwa nje, na gharama ya usafiri huweza kuipita bei ya bolti zenyewe. Mgeni mmoja alikuwa amemwachia masikio ya stenlesi, yale mabamba yaliyokunjwa yenye tundu la kupitishia karabina. Kilichopungua ni bolti za kuyakazia mwambani, na kijana akajiambia kwamba bolti ni bolti.

Dukani kwa vifaa vya ujenzi alipewa bolti za kutanuka, milimita 10, zinang'aa kwa zinki.

"Hizi ni imara, kaka?"

"Kaka, hizi zinashika geti la chuma. Wanafungia hata stendi ya tanki la maji."

Muuza duka hakumdanganya hata kwa neno moja, na ndiyo maana kisa hiki kinanikera kuliko vile vya bidhaa feki. Kijana aliuliza kama bolti ni imara. Hakusema ni ya kazi gani, itakaa wapi, wala kwa miaka mingapi.

Alipofika nyumbani, mjomba wake alichukua bolti moja akaigeuza mkononi. Mzee huyo aliwahi kufanya kazi chini ya ardhi Gokona, katika mgodi wa North Mara, ambako uchimbaji wa chini ulianza mwaka 2015, na mambo ya bolti za mwamba hayakuwa mageni kwake.

"Mura, hizi za nini?"

"Za mlimani, mjomba. Za wapandaji."

"Kule chini bolti inashika mwamba usimwangukie mtu. Wewe unataka ya kumshika mtu anayeanguka. Hizo ni kazi mbili." Akachomoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu. Bolti ikaivaa sumaku kwa nguvu, lakini sikio la mgeni halikuishika. "Na hivi ni vyuma viwili tofauti. Umeviuliza kama vinapatana?"

Kijana alicheka. Drili ya kuazima ilikuwa ya siku mbili tu, na siku ya kwanza ilikuwa imeshakwenda.

Sumaku si hakimu kamili, kwa sababu stenlesi iliyokunjwa au kugongwa kiwandani huweza kuvutwa kidogo. Lakini swali la mzee lilikuwa penyewe. Chuma cha kawaida na stenlesi vikigusana na maji yakapita katikati, chuma cha kawaida ndicho kinacholiwa, tena haraka kuliko kingekuwa peke yake. Zinki ya bolti za dukani ni utando wa mikroni chache, mwembamba kuliko unywele, na hutosha kwa bolti iliyo chini ya paa. Kwenye mwamba unaopigwa na mvua za masika kila mwaka, utando huo huisha kwanza shingoni mwa bolti, pale inapoingia tunduni nyuma ya sikio. Hapo jicho halifiki. Mpandaji anaona sikio linalong'aa na nati safi, lakini kinachomshikilia ni sehemu iliyojificha.

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji wa vilima hivi wanalijua bila kufundishwa. Granaiti ina michirizi. Ile myeusi ni njia ya maji, na ile myeupe na ya kahawia chini ya nyufa ni mkojo wa pimbi, wenye chumvi zake, wa vizazi na vizazi. Njia ya tatu ya kijana, iliyokuwa nzuri kuliko zote, ilipita katikati ya mchirizi mweusi.

Masika ya pili yalipokwisha, mpandaji mmoja aliteleza akiwa juu kidogo ya bolti ya tano. Halikuwa anguko kubwa. Lakini bolti ya juu hubeba nguvu ya anayeanguka pamoja na ya yule anayemshikia kamba chini, na mzigo huo huzidi mara kadhaa uzito wa mtu. Bolti ikakatika. Ya nne ikashika, ila baada ya mguu kugonga ukingo wa jiwe, na kifundo kikavunjika.

Kipande kilichobaki kwenye sikio kililetwa kwa mjomba. Sehemu iliyokatika ilisimulia yote. Karibu mduara mzima ulikuwa mwekundu wa kutu ya zamani, na pembeni kulikuwa na alama ndogo ya chuma cheupe, kipya, yenye umbo la mwezi mwandamo. Chuma hicho kidogo ndicho kilichokuwa kimebeba kila mpandaji wa msimu ule.

Basi kijana alipaswa kuuliza nini dukani? Kwanza, kiwango. Kiwango cha Ulaya cha nanga za kupandia, EN 959, kinataka nanga istahimili kilonewton 25 ikivutwa kwa kukatwa, yaani karibu uzito wa tani mbili na nusu, na 15 ikivutwa kutoka nje ya mwamba. Namba kama 8.8 inayoandikwa kwenye bolti inaeleza nguvu ya chuma tu, haisemi lolote kuhusu kutu. Kwenye stenlesi tafuta A2 au A4, ambazo kwa jina jingine ni 304 na 316. Kisha sikio na bolti viwe vya chuma cha aina moja. Kwa granaiti ngumu na kavu ya bara, bolti ya kutanuka ya stenlesi, milimita 10 au 12, inafaa. Kwa jiwe laini, ya gundi.

Wala stenlesi si dawa ya kila mahali. Kwenye majabali ya chokaa ya Krabi, Thailand, na kule Cayman Brac katika Karibiani, bolti za stenlesi zilipasuka ndani kwa ndani kwa sababu ya chumvi ya bahari na joto, nyingine baada ya miaka michache tu, huku nje zikionekana nzima. Wapandaji wa huko wakahamia bolti za titani za kugandishwa kwa gundi. Anayeota kutoboa njia kwenye majabali ya mwambao wetu aanze na habari za Krabi kabla ya kuuliza bei.

Kijana alilazimika kurudi kilimani kung'oa. Ile njia ya mchirizi mweusi aliihamisha hatua chache kulia, kwenye jiwe kavu, baada ya kukaa na mjomba wake siku ya mvua wakitazama maji yanapita wapi. Safari hii aliagiza bolti na masikio pamoja, mtengenezaji mmoja, chuma kimoja, na pesa zikatosha njia mbili badala ya nne. Matundu ya zamani aliyaziba kwa gundi na vumbi la jiwe lenyewe.

Bolti za dukani zilizobaki kwenye pakiti hazikutupwa. Mjomba alizitumia kufungia geti la zizi, na zinafanya kazi vizuri.