Mizani ya Tabibu

Je, tabibu apime ugonjwa wa mtu, au apime na matendo yake? Swali hili lilizuka mwaka 2022. Tarehe 7 Januari, katika mji wa Baltimore, Marekani, matabibu walimpandikizia David Bennett, mtu wa miaka 57, moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni 10. Hakuna mtu aliyepata kutiwa moyo wa namna hiyo kabla yake. Dunia ilipokuwa ikistaajabu, ilijulikana kuwa mwaka 1988 Bennett alimchoma mtu kisu, akamwacha amepooza. Watu wakauliza: kwa nini mkosaji apewe fursa ya uhai?

Uchungu wa aliyeumizwa ni wa haki, wala haufai kubezwa. Lakini kosa lile lilikwisha kuhukumiwa na mahakama. Hakimu husikiliza mashahidi. Tabibu husikiliza mapigo ya moyo. Tabibu akijifanya hakimu, atahukumu pasipo shahidi wala rufani, na adhabu yake itakuwa moja tu: kifo. Tena, ni nani kati yetu angeingia hospitali bila hofu, kama mlangoni angeulizwa makosa yake kabla ya maradhi yake?

Bennett alifariki tarehe 8 Machi 2022. Moyo ule ulidumu miezi miwili. Swali lake lingali hai. Kumtendea wema mtu mwema ni jambo jepesi. Utu hupimwa pale tunapomtibu yule tusiyempenda.