Alama Mgongoni mwa Kasa

Wabajuni, ambao Chovai ni mojawapo ya visiwa vyao kusini mwa Kismayo, Somalia, walisifika kwa kumvua kasa kwa samaki hai. Samaki huyo, chazo, alifungwa kamba mkiani, akaachiwa karibu na kasa, akajigandisha kwenye gamba, kisha wote wawili wakavutwa hadi chomboni. Leo kuna kitu kingine kinachogandishwa pale pale: kifaa kidogo kinachobandikwa kwa gundi, ambacho hurusha ishara hadi kwenye setilaiti kasa anapoibuka kuvuta pumzi. Chazo alimpeleka kasa chunguni, kifaa humwacha aende zake. Hata hivyo swali la dini linabaki: tuna haki gani ya kumbebesha kitu kiumbe ambaye Surat al-An'am inatufundisha kwamba ni umma kama sisi?

Jibu linaanzia kwenye Sunna. Mtume (s.a.w.) alikemea vikali kumtia mnyama chapa usoni, lakini yeye mwenyewe aliwatia alama ngamia wa zaka. Hadithi hizi zikisomwa pamoja zinaweka mpaka: alama isimtese mnyama, na iwe ya kulinda haki. Ngamia wale walitiwa alama ili mali ya wanaostahiki zaka isipotee. Kifaa cha kasa nacho kipimwe kwa haki kinayoilinda. Mwaka 2012 watafiti waliwabandika vifaa kasa wanane wanaotaga Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos, ambavyo bahari yake ilitangazwa hifadhi mwaka 2010. Saba walitoka nje ya hifadhi, na mmoja akaogelea karibu kilomita 4,000 hadi pwani ya Somalia. Ikabainika kwamba hifadhi ile humlinda kasa msimu wa kutaga, ilhali sehemu kubwa ya umri wake huipitisha malishoni, kwenye maji ya watu wengine. Kabla ya ishara ile, asiyejua alikuwa na udhuru. Ujuzi ulipopatikana, ukawa amana.

Watasema wengine kwamba kujua alipo kasa ndiko kutakakomwangamiza, maana mwindaji naye atajua. Hofu hiyo ina msingi, ila inachokataza ni kutangaza habari ovyo. Amana nayo hutunzwa kwa siri. Pingamizi zito zaidi linamhusu binadamu. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi hadi Kenya na mbali zaidi. Vipi mnyama afuatiliwe kwa uangalifu ambao watu hawakuupata? Lawama hii ni ya haki, na inawaangukia wenye vifaa hivyo. Aliyeweza kumfuata kasa hadi pwani hii hawezi tena kudai kwamba hawaoni wakazi wake. Akimtaka mvuvi amhifadhi kasa, basi mvuvi naye ana haki ya kupewa habari, kushauriwa kabla ya marufuku kuwekwa, na kutafutiwa riziki nyingine anapozuiwa. Haki hizo zikikosekana, kifaa kinabaki kuwa mzigo aliotwishwa kiumbe asiyeweza kulalamika, na kumtwisha mzigo usiolinda haki yoyote ni dhulma.